Intaneti kwenye nyaya za umeme: Wenye redio walivyodai haki ya masafa yao

Na Mwandishi Wetu

UKITEREMKA kutoka Makambako kwenda Mbeya kwa barabara kuu ya Tanzania na Zambia, Igawa ndiyo inayokufungulia mlango wa bonde la Usangu. Hadi mwaka 2012 ulipozaliwa Mkoa wa Njombe, maeneo haya ndiyo yaliyokuwa mpaka wa Iringa na Mbeya. Huku mpunga ndio kila kitu. Umeme unaukoboa, simu inautafutia mnunuzi, na malipo yanaingia kwa simu hiyo hiyo.

Kwa hiyo mtu akija na habari kwamba waya mmoja tu, huo huo wa umeme, unaweza kumletea mkulima nishati pamoja na intaneti ya kasi, lazima asikilizwe. Nguzo zipo tayari na nyaya zipo tayari. Hakuna mtaro wa kuchimba wala mnara wa kusimamisha. Unachomeka kidude ukutani, kompyuta inafunguka.

Habari hiyo si ya kutunga. Teknolojia ya kupitisha intaneti ndani ya nyaya za umeme ipo, na imejaribiwa katika nchi kadhaa zikiwamo Uingereza na Marekani. Lakini kila ilikofika, kundi moja la watu lilisimama na kusema: mnatuharibia. Watu hao ni waendesha redio za ridhaa.

Ugomvi wao na kampuni za umeme ulidumu kwa miaka mingi na kufika hadi mahakamani. Ingawa ulitokea mbali, ndani yake limo swali ambalo mkulima wa Usangu analijua vizuri kuliko mtu yeyote: aliye juu ya mfereji akifungua maji yote kwenye jaruba lake, aliye chini afanye nini?

Redio za ridhaa ni nini?

Hawa si watangazaji. Ni watu binafsi wanaosomea mitambo ya redio, kufanya mtihani, kupewa leseni na serikali na kuruhusiwa kuzungumza wao kwa wao kwa masafa maalumu. Hawaruhusiwi kufanya biashara hewani. Huwezi kutumia redio ya ridhaa kuuliza bei ya mchele Tunduma. Kila mmoja ana alama yake ya utambulisho. Alama za Tanzania huanza na 5H, za Kenya 5Z na za Uganda 5X.

Wengi wao hutumia mawimbi mafupi, yale yanayopanda angani na kurudi chini mamia au maelfu ya kilometa kutoka yalikotumwa. Mawimbi haya hayahitaji mnara wala mkongo wa baharini. Betri ya gari, redio ndogo na waya mrefu uliofungwa kwenye mti vinatosha kuzungumza na mtu wa bara jingine. Wazee wa Nyanda za Juu Kusini wanakumbuka simu za upepo na redio za aina hiyo zilizokuwa kwenye hospitali za misheni na vituo vya polisi kabla ya simu za mkononi.

Faida ya redio hizi huonekana wakati wa maafa. Kimbunga Katrina kilipoipiga pwani ya kusini ya Marekani mwezi Agosti 2005, umeme na simu vilikatika katika maeneo makubwa, na waendesha redio za ridhaa walikuwa miongoni mwa waliopeleka ujumbe wa waokoaji na wa familia.

Waya unavyogeuka antena

Umeme wa kawaida hutetema mara 50 kwa sekunde. Ili intaneti ipite kwenye waya huo huo, mtambo huongeza juu yake mitetemo mingine ya kasi sana, inayohesabiwa kwa mamilioni kwa sekunde. Mitetemo hiyo, ambayo zaidi huwa kati ya megahezi 2 na 30 na wakati mwingine huvuka hapo, ndiyo hasa makazi ya mawimbi mafupi ya redio.

Tatizo ni kwamba waya wa umeme haukutengenezwa kubeba mitetemo ya namna hiyo. Waya wa simu una nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja, hivyo kinachovuja upande mmoja hufutwa na upande wa pili. Waya wa televisheni umevikwa ngao ya chuma. Nyaya za umeme vijijini ni tupu, zimetengana na zimening'inia juu kwa kilometa nyingi. Ukipitisha mitetemo ya redio ndani ya waya kama huo, sehemu yake inatoka hewani. Waya umegeuka antena.

Ni sawa na mfereji wa udongo usiosakafiwa. Maji yanafika mwisho, lakini njiani yanavuja na kutuamisha mashamba ya watu ambao hawakuyaomba. Mwenye banio anahesabu maji yaliyofika kwake. Mwenye shamba lililozama ndiye anayehesabu hasara.

Mwendesha redio anayeishi chini ya njia kama hiyo husikia mkoromo na milio ya kukatakata isiyokoma, na sauti dhaifu ya mtu aliye mbali inazama ndani yake. Redio za FM, ambazo hutumia masafa ya juu zaidi, hazisumbuki sana. Wanaoumia ni wale wa mawimbi mafupi.

Kutoka Manchester hadi Manassas

Miongoni mwa majaribio ya mwanzo yaliyovuma ni yale ya Uingereza. Mwaka 1997 kampuni ya umeme ya Norweb, ikishirikiana na kampuni ya Nortel ya Canada, ilitangaza kwamba imepata njia ya kupeleka intaneti kwa waya wa umeme, na majaribio yakafanyika eneo la Manchester. Watumiaji wa mawimbi mafupi walilalamika, na taa za barabarani zikatajwa kuwa zinarusha mawimbi kama antena. Mwaka 1999 mradi ulifungwa.

Marekani haikukata tamaa. Mwaka 2004 Rais George W. Bush alitaka intaneti ya kasi ifike kila mahali nchini humo ifikapo 2007, na nyaya za umeme zilihesabiwa kuwa njia mojawapo, hasa vijijini. Oktoba 14 mwaka huo, Tume ya Mawasiliano ya Marekani (FCC, ambayo msomaji asiichanganye na Tume yetu ya Ushindani yenye herufi hizo hizo) ilipitisha kanuni za kuruhusu biashara hiyo.

Kanuni hizo hazikuwasahau wenye redio. Kampuni zilitakiwa kuandikisha maeneo yao kwenye orodha ya wazi pamoja na mtu wa kupokea malalamiko, na mitambo iwe na uwezo wa kuruka masafa fulani, yaani kuacha mwanya. Aidha, msingi wa zamani ulibaki: mtambo usio na leseni ya masafa hauruhusiwi kumdhuru mwenye leseni, na ukimdhuru, mwenye mtambo ndiye wa kurekebisha.

Mji wa Manassas katika jimbo la Virginia, unaomiliki shirika lake la umeme, ulikuwa wa kwanza nchini humo kutangaza huduma hiyo kwa mji mzima mwaka 2005. Wageni walikwenda kujifunza. Lakini waendesha redio wa hapo walianza kulalamika kwamba wakipita na redio za magari yao kwenye baadhi ya mitaa, masafa yao yamejaa kelele.

Walipelekana mahakamani

Jambo la kujifunza hapa ni namna wenye redio walivyodai haki. Chama chao, ARRL, kilichoanzishwa mwaka 1914, hakikuishia kusema kwamba kuna kelele. Kilikusanya vipimo: tarehe, saa, mtaa, masafa na nguvu ya kelele kwa desibeli. Kila lalamiko lilikwenda na karatasi yake.

Hoja kubwa ilihusu umbali. Mpimaji hawezi kila mara kupima pale kanuni inapotaka, hivyo hupima karibu na waya kisha hupiga hesabu kelele itakuwa imepungua kiasi gani huko mbali. Tume ilisema kila umbali unapoongezeka mara 10, kelele hupungua kwa desibeli 40, yaani nguvu yake hupungua mara 10,000. Chama kilisema karibu na nyaya ndefu za umeme kelele haifi haraka kiasi hicho, na kwamba desibeli 20, yaani mara 100, ziko karibu zaidi na ukweli. Tofauti hiyo si ndogo. Ukikubali hesabu ya kwanza, mtambo unaoonekana salama kwenye karatasi unaweza kuwa kero kwa jirani.

Chama kilikwenda Mahakama ya Rufaa mjini Washington. Aprili 25, 2008 mahakama ilitoa uamuzi. Haikukubali madai yote ya chama, lakini katika mambo mawili iliona Tume imekosea. Kwanza, Tume ilitegemea utafiti wa wataalamu wake lakini ikatoa kwa umma nakala zenye sehemu zilizofutwa. Pili, haikueleza vya kutosha kwa nini iling'ang'ania desibeli 40. Suala likarudishwa kwa Tume.

Mwaka 2011 Tume ilibaki na kipimo chake, ila iliongeza kina cha mwanya unaoachwa kwenye masafa ya redio za ridhaa kutoka desibeli 20 hadi 25. Ushindi haukuwa kamili kwa upande wowote. Hata hivyo, wakati huo biashara yenyewe ilikuwa mahututi.

Biashara ilivyokufa

Wengi hudhani ni wenye redio walioiua. Wao waliisumbua, lakini kilichoiua zaidi ni hesabu.

Mitetemo ya intaneti haipiti vizuri kwenye transfoma. Kila transfoma inahitaji kifaa cha kuirusha upande wa pili, na kila kipande cha waya mrefu kinahitaji kifaa cha kuiongezea nguvu. Marekani transfoma moja hulisha nyumba chache tu, kwa hiyo gharama kwa kila mteja ilikuwa kubwa. Vijijini, kulikoambiwa kwamba ndiko kutakakofaidi, nyumba ziko mbalimbali na vifaa vinahitajika vingi zaidi. Yule aliyeahidiwa kuwa wa kwanza ndiye aliyekuwa ghali kuliko wote.

Wakati huo huo njia nyingine zilikuwa zinakwenda mbio. Intaneti ya waya wa simu, ya waya wa televisheni na ya simu za mkononi iliongezeka kasi huku bei ikishuka. Manassas ilibaki na wateja takribani 500, mji ukawa unapata hasara, na mwaka 2010 huduma ikazimwa. Kampuni ya IBEC ya Alabama, iliyokuwa ikishirikiana na vyama vya ushirika vya umeme vijijini, ilitangaza kufunga mwaka 2012, ikieleza kwamba vimbunga vya Aprili 2011 viliharibu mitambo yake. Mjini Dallas, mtandao kama huo uliuzwa mwaka 2008 kwa kampuni ya umeme, ambayo iliutaka kwa ajili ya kuangalia hali ya nyaya zake.

Nyaya za umeme zimebaki zikitumika kwa ujumbe mfupi na wa polepole, kama wa kusoma mita. Hata hapa kwetu, baadhi ya mita za LUKU ambazo mita yenyewe iko kwenye nguzo na 'rimoti' ya kuingizia namba iko ndani ya nyumba huzungumza kupitia waya wa umeme. Ujumbe huo ni mdogo na unapita kwenye masafa ya chini, mbali na mawimbi mafupi.

Njia iliyopita Nyanda za Juu Kusini

Tanzania ilipata namna nyingine ya kuunganisha nguzo za umeme na intaneti. Kwenye njia kubwa za umeme, waya wa juu kabisa, ule unaokinga radi, unaweza kutengenezwa ukiwa na nyuzi nyembamba za kioo ndani yake. Ndani ya nyuzi hizo hupita mwanga. Mwanga hauvuji kuwa mawimbi ya redio, kwa hiyo jirani hasumbuki, na unabeba habari nyingi mno kuliko mitetemo ya kwenye waya mtupu. TANESCO ina nyuzi za namna hiyo, na Kenya Power ya Kenya hukodisha zake kwa kampuni za simu.

Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao awamu yake ya kwanza ilikamilika mwaka 2010, umepita Iringa na Mbeya hadi mpaka wa Tunduma. Kutoka kwenye mkongo, kipande cha mwisho hadi kwa mkulima kimebebwa na minara ya simu. Huduma ya M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, mwaka ule ule wa hukumu ya Washington, swali la nani atamfikia mtu wa kijijini lilikuwa limeanza kujibiwa na simu ya mkononi.

Hata hivyo, mkongo nao hukatika. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za SEACOM na EASSy zilipata hitilafu na intaneti ikayumba Tanzania na nchi jirani. Siku kama hiyo ndiyo inayokumbusha kwa nini masafa ya mawimbi mafupi, ambayo hayategemei mkongo wa mtu yeyote, yanastahili kulindwa hata kama wanaoyatumia ni wachache.

Kelele zilizopo leo kijijini

Pengine msomaji atauliza: mimi sina redio ya ridhaa, yanihusu nini? Yanakuhusu, kwa sababu waya wa umeme hupiga kelele hata bila intaneti, na kelele hiyo mara nyingi ni dalili ya fedha inayopotea au ya hatari.

Chaja za simu za bei poa, baadhi ya taa za LED, inveta za sola na stabilaiza hutoa mitetemo inayochafua mawimbi ya kati na mafupi. Kwenye mashine ya kukoboa mpunga, waya uliolegea kwenye stata hutoa cheche, na cheche husikika redioni. Cheche hiyo hiyo ndiyo inayochoma mota ambayo bei yake inaweza kula faida ya msimu. Kwenye nguzo, kikombe kilichopasuka au waya usiokazwa hufanya vivyo hivyo.

Kuitafuta kelele hakuhitaji mtaalamu:

Chukua redio ndogo ya betri, iweke kwenye mawimbi ya kati mahali pasipo na kituo. Kama kuna mkoromo, zima meni swichi ya nyumba au ya mashine, na inveta kama ipo.

Mkoromo ukikoma, chanzo ni chako. Washa tena na uchomeke kifaa kimoja kimoja hadi urudi. Kama ni chaja, ibadilishe. Kama ni mashine, usiifungue mwenyewe. Mwite fundi mwenye leseni ya EWURA.

Mkoromo ukiendelea, chanzo kiko nje. Tembea kando ya njia ya umeme, andika namba ya nguzo ambapo mkoromo ni mkali kuliko kwingine. Usiguse nguzo wala kuitikisa.

Andika tarehe, saa na hali ya hewa. Cheche za kwenye kikombe au waya uliolegea mara nyingi hupungua mvua ikinyesha. Mvumo wa njia kubwa, kama ile ya kilovolti 220 kati ya Iringa na Mbeya, huongezeka wakati wa unyevu na ukungu, na huo si lazima uwe hitilafu.

Peleka maandishi hayo ofisi ya TANESCO iliyo karibu. Lalamiko lenye namba ya nguzo na saa linafanyiwa kazi kwa urahisi kuliko lile la 'huku kwetu kuna kelele'. Kama ni masafa ya redio yenye leseni yanayoingiliwa, mwenye mamlaka ni TCRA, ambayo ofisi yake ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini iko Mbeya.

Kabla hujanunua

Madukani viko vidude vya kuchomeka ukutani vinavyosambaza intaneti ndani ya jengo kwa nyaya za umeme. Mwenye nyumba ya wageni anaweza kushawishika. Vinafanya kazi, lakini jengo lenye umeme wa fezi tatu linaweza kupata mawasiliano mabovu kati ya chumba cha fezi moja na chumba cha fezi nyingine. Vingi vyenye ubora vimetengenezwa viruke masafa ya redio za ridhaa. Vya kubahatisha huenda visiruke. Kama unaweza kuvuta waya wa mtandao wenyewe, vuta. Hausumbui jirani na hauyumbi mashine ikiwashwa.

Na akija mwekezaji na ahadi ya kuleta huduma mpya kwenye nguzo zilizopo, serikali ya kijiji na wafanyabiashara wamuulize mambo manne. Kifaa kimeidhinishwa na TCRA? Kila transfoma itahitaji nini, na nani atakigharamia? Umeme ukikatika, huduma inabaki? Na ikimdhuru mwingine, nani wa kupokea lalamiko na kwa muda gani?

Bonde la Usangu limefundisha somo hili kwa maji. Mto Ruaha Mkuu unapokea maji ya hapa na kuyapeleka Mtera na Kidatu, mabwawa yenye mitambo ya megawati 80 na 204, na kwa miaka mingi wakulima wamehesabiwa kila tone wanalochepusha. Masafa ya redio nayo ni mto. Hayaonekani, hayana kingo, lakini yana wa juu na wa chini, na yanaweza kuchafuliwa na mtu ambaye hata hajui kwamba anachafua.

Waendesha redio wa Marekani walikuwa wachache, na walikabili kampuni tajiri pamoja na ahadi iliyopendwa na rais. Hawakuwa na nguvu ya fedha. Walikuwa na daftari la vipimo, na daftari hilo lilisomwa mahakamani. Mkulima aliye mwisho wa mfereji, na mwenye mashine aliye mwisho wa waya, naye aanze kuandika.